Nepi ya sekunde 40: utafiti unasema nini kuhusu kumgusa mtoto njiti aliye mahututi

Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 27, gramu 950, amelala chali ndani ya inkubeta. Muda wa kubadilisha nepi umefika. Dirisha linafunguliwa, miguu yote miwili inashikwa kwenye vifundo na kuinuliwa, nepi chafu inatoka, safi inaingia. Kazi ya sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo oksijeni kwenye damu yake imeshuka kutoka asilimia 93 hadi 80, mapigo ya moyo yamepungua, mikono imerushwa pembeni na vidole vimetanuka. Oksijeni ya mashine inaongezwa. Namba inapanda, inapita 95, inafika 99, na hakuna anayekumbuka kuirudisha chini mpaka dakika kumi zimepita. Kwenye faili panaandikwa: nepi imebadilishwa, mtoto anaendelea vizuri.

Hakuna aliyevunja utaratibu. Lakini oksijeni ikishuka ubongo unakosa, na ikizidi inaumiza mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo bado haijakomaa. Miguu ikiinuliwa, shinikizo la damu kuelekea kichwani hubadilika ghafla, na siku tatu za mwanzo wa maisha ndipo hutokea sehemu kubwa ya uvujaji wa damu ndani ya ubongo wa watoto hawa, kwa sababu vishipa vya eneo lile ni laini na mwili haujajua kudhibiti mtiririko wa damu kichwani. Nepi ileile ingeweza kubadilishwa mtoto akiwa ubavu, amekunjwa, mkono wa mtu wa pili umetulia kichwani mwake. Zaidi ya miaka 40 ya utafiti wa uuguzi unaolinda ukuaji imekuwa ikichunguza tofauti kati ya nepi hizo mbili, na kama tofauti hiyo inaweza kupimika mtoto anapofika miaka miwili, mitano, ishirini.

Kusoma mwili usioweza kulia

Mtoto njiti wa wiki 27 alipaswa kubaki tumboni miezi mitatu zaidi. Kule angekuwa amejikunja, kila akinyoosha mguu anakutana na ukuta laini unaomrudisha. Mwanga ni hafifu, sauti zimechujwa, hakuna kinachomchoma. Ubongo wake ulikuwa katikati ya kazi kubwa: mikunjo ya juu inaanza kujitokeza, seli za neva zinaunganishwa. Kazi hiyo haisimami kwa sababu amezaliwa. Inaendelea, ila sasa inapokea plasta, mirija, taa na kengele za monita.

Mwanasaikolojia Heidelise Als, aliyefanya kazi Boston, Marekani, alichapisha mwaka 1982 nadharia iliyobadilisha namna ya kumtazama mtoto huyu. Alisema tabia zake si za ovyo. Zinaweza kusomwa katika ngazi tano zinazotegemeana: mifumo ya ndani (kupumua, moyo na rangi ya ngozi), misuli na mikao, hali ya usingizi na kuamka, uwezo wa kuzingatia, na uwezo wa kujituliza mwenyewe. Ngazi ya chini ikiyumba, za juu haziwezi kusimama. Ndiyo maana ni kazi bure kumchezesha kwa macho mtoto ambaye kupumua kwenyewe bado kunampa shida.

Dalili za kuelemewa zinaonekana mapema kuliko kengele ya monita. Ngozi inabadilika kuwa na mabaka au kupauka kuzunguka mdomo. Kwikwi, chafya, mwayo. Vidole vinatanuka, mkono unanyooshwa mbele kama mtu anayezuia gari barabarani, mgongo unapinda kwa nyuma, au mwili wote unalegea ghafla. Anakunja uso, anageuza macho pembeni. Mwayo wa mtoto njiti huwafanya watu watabasamu na kusema ana usingizi. Katikati ya kuchukuliwa damu, mara nyingi maana yake ni kwamba ameshindwa kuendelea. Dalili za kujimudu nazo zipo: mkono unatafuta mdomo, nyayo zinasukuma kitu cha kuegemea, vidole vinashika, anafyonza, pumzi inakuwa na mpangilio.

Kutokana na nadharia hiyo ulizaliwa mpango wa kumtathmini na kumhudumia kila mtoto mchanga kwa kadiri yake, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, NIDCAP. Mtaalamu aliyefunzwa anamtazama mtoto kabla, wakati na baada ya kuhudumiwa, anaandika alichoona kila baada ya dakika mbili, kisha anapendekeza namna ya kumhudumia mtoto huyo mmoja. Hapa ndipo wodi nyingi hupotea njia. Vitu vinavyoonekana kwa macho, yaani kiota cha kitambaa kinachomzunguka mtoto na blanketi juu ya inkubeta, vinachukuliwa kuwa ndiyo huduma yenyewe. Kiota ni matokeo ya kumtazama mtoto. Bila kutazama, kinabaki kuwa kitambaa.

Kichomo kimoja cha kisigino

Mwaka 2008 Ricardo Carbajal na wenzake walichapisha hesabu ya kila jambo lenye maumivu au usumbufu walilofanyiwa watoto wachanga 430 katika wodi za uangalizi maalumu za eneo la Paris, katika siku 14 za mwanzo. Kiwango cha kati kilikuwa mambo 16 kwa siku, 10 kati yake yakiwa ya maumivu. Takriban asilimia 79 ya yale ya maumivu yalifanyika bila tuliza maumivu iliyolengwa kwa tukio hilo. Ikumbukwe kwamba hadi miaka ya 1980 watoto wachanga wengine walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya ganzi, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa kiasi cha kuhisi. Jaribio la K. J. S. Anand na wenzake la mwaka 1987 lilionyesha kwamba watoto njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya kuondoa maumivu, wakati wa upasuaji walikuwa na homoni chache za msongo na matatizo machache baadaye. Suala la kama wanahisi liliisha hapo. Lililobaki ni namna ya kufanya kichomo cha kila siku, na hilo lina hatua zake.

Kwanza, je, kichomo chenyewe kinahitajika? Vipimo viwili vya asubuhi na mchana vinaweza kutoka kwenye damu moja. Kichomo ambacho hakikufanyika hushinda kila mbinu inayofuata hapa chini.

Kama kinahitajika, vifaa vyote huandaliwa kabla ya kufungua inkubeta: sindano fupi ya kisigino, chupa za damu, pamba, maziwa au sukari. Kufungua, kugundua pamba haipo, kufunga na kufungua tena ni kumwamsha mtoto mara mbili kwa jambo moja. Kisha sauti ya chini, na mkono uliotulia juu ya mtoto kwa muda kabla ya kitu kingine chochote. Mkono huo hausugui wala kupapasa. Kwa ngozi ya mtoto wa wiki 27, kupapaswa kwa wepesi kunachokoza kuliko kutuliza. Kinachotuliza ni uzito ulio sawa, usiosogea.

Mtu wa pili, na mzuri zaidi ni mama au baba, anakizunguka kichwa kwa kiganja kimoja na kwa kingine anazikusanya nyayo na magoti kuelekea tumboni. Mguu mmoja tu unaachwa nje. Takriban dakika mbili kabla ya kichomo, matone ya maji ya sukari (sukrosi) ya asilimia 24 yanawekwa mbele ya ulimi, kwa mtoto mdogo sana yapata mililita 0.1 hadi 0.2, pamoja na kitu cha kufyonza. Dakika mbili hizo ni za lazima, na ndizo zinazorukwa. Sukari ikitiwa wakati sindano iko mkononi, kichomo kinatangulia nafuu.

Kichomo kiwe upande wa nje au wa ndani wa kisigino, kamwe si nyuma katikati, ambako mfupa uko karibu. Halafu damu iachwe ijae yenyewe. Kukamua kisigino ndiko kunakouma zaidi na kwa muda mrefu zaidi, tena kunaharibu chembe za damu na kupotosha kipimo cha potasiamu. Ikihitajika damu nyingi, kuitoa kwenye mshipa kwa mkono wenye ujuzi humuumiza mtoto kidogo kuliko kisigino kinachokamuliwa.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokatwa wodi ikiwa na shughuli nyingi: viganja vinabaki mpaka pumzi na rangi virudi kama vilivyokuwa. Inaweza kuchukua dakika tano. Mtoto aliyeachwa katikati ya kutapatapa hutumia nguvu zilezile alizopaswa kuongezea uzito.

Kuhusu sukari, tahadhari moja. Inapunguza kukunja uso na kulia, na alama za maumivu kwenye mizani ya tathmini hushuka. Hilo limeonyeshwa mara nyingi. Lakini mwaka 2010 Rebeccah Slater na wenzake, London, walipima umeme wa ubongo wakati wa kichomo na kukuta kwamba mwitikio wa ubongo kwa maumivu haukupungua kwa waliopewa sukrosi. Uso ulitulia, ubongo ulisikia. Watafiti wanabishana kuhusu uzito wa kipimo hicho. Kwa aliye kando ya inkubeta, jibu la busara ni kutoifanya sukari kuwa ruhusa ya kuongeza vichomo.

Kukusanya kazi, na mahali inapogeuka mzigo

Ushauri uliosambaa kwa haraka ni kukusanya kazi pamoja: joto, nepi, mrija wa tumbo, kumgeuza, damu, vyote kwa mara moja kisha mtoto aachwe alale kwa muda wa saa tatu. Sababu ni nzuri. Mtoto njiti hutumia sehemu kubwa ya siku katika usingizi mwepesi wenye macho yanayochezacheza, na usingizi huo ndio unaochochea neva kujiunganisha. Ukikatwakatwa, kazi inakatwakatwa.

Ila Linda Holsti, Ruth Grunau na wenzao, wakifanya kazi Vancouver, walionyesha mwaka 2005 kwamba mtoto akishachomwa kisigino, kazi za kawaida zinazofuata, kama kubadilishwa nepi, humfanya aitikie kwa nguvu kuliko ambavyo angeitikia bila kichomo. Mwili uliokwisha kuumizwa huhesabu hata mguso wa kawaida kama shambulio. Kwa hiyo kichomo hakiwekwi mwanzoni mwa orodha, na pengine hakiwekwi kwenye orodha hiyo kabisa. Kazi zinakusanywa kwa kadiri ya mtoto, na mtu anayeona vidole vinatanuka kwenye kazi ya tatu anasimama, anaweka viganja, na kazi ya nne inangoja. Ratiba ya saa haijui lolote kuhusu hilo. Muuguzi anajua, kama idadi ya watoto aliopewa inamruhusu kujua.

Sauti, mwanga, mkao

Pendekezo la Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani tangu 1997 ni kwamba kelele katika wodi hizi zisizidi desibeli 45. Wodi nyingi huvuka kiwango hicho mchana kutwa. Desibeli zinapanda kwa namna inayodanganya: ongezeko la 10 ni nishati ya sauti mara kumi. Kufunga dirisha la inkubeta kwa kulibamiza, kuweka chupa juu ya paa lake, kugonga kioo kwa kidole ili mtoto afumbue macho, vyote huvuma ndani kuliko vinavyosikika nje. Maji yaliyojikusanya kwenye mirija ya kupumulia nayo hububujika karibu kabisa na sikio. Kuyamwaga mara kwa mara ni kupunguza kelele na pia ni kinga.

Kimya kabisa hakitafutwi. Utafiti wa Melinda Caskey na wenzake huko Rhode Island ulikuta kwamba watoto waliosikia maneno mengi ya watu wazima wakiwa wodini walihusishwa na alama bora za lugha na ufahamu wakifika miezi 18. Kinachohitajika ni sauti ya mtu, karibu, ya chini, isiyoshindana na kengele.

Kwenye mwanga kuna somo la unyenyekevu. Ilidhaniwa kuwa kuwafunika macho watoto njiti kungezuia ugonjwa wa retina. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1998 nchini Marekani likaonyesha kwamba hakuna tofauti. Giza la muda wote halikuwa dawa, na mwanga mkali wa muda wote nao haufai. Kinachoungwa mkono zaidi ni mwanga wa kupokezana, mchana na usiku, hasa kuanzia karibu wiki ya 32 ya umri wa mimba. Kabla ya hapo mboni ya jicho haiwezi hata kujibana vizuri kuzuia mwanga, kwa hiyo macho yakingwe kila taa ya uchunguzi inapowashwa. Na kifuniko cha inkubeta kiache upenyo wa kuona uso na kifua: mtoto anayebadilika rangi chini ya blanketi zuri hatambuliki mapema.

Kuhusu mkao, kosa la kawaida ni kiota kilicho kikubwa mno. Kingo zake zinapaswa kuzigusa nyayo, ili mtoto akisukuma apate kitu cha kumrudisha kwenye kujikunja. Kikiwa mbali, miguu inafunguka kama ya chura na kulala bapa, mabega yanarudi nyuma, na baada ya wiki kadhaa misuli inazoea hivyo. Mikono iweze kufika mdomoni. Katika saa 72 za mwanzo wodi nyingi huweka kichwa katikati, bila kukigeuza upande, na kitanda kimeinuliwa kidogo. Ushahidi wa hilo peke yake bado ni mdogo, lakini halina madhara yanayojulikana. Kulala kifudifudi husaidia mapafu ya mtoto aliye kwenye mashine, chini ya monita tu. Wiki kadhaa kabla ya kwenda nyumbani anapaswa kuzoea kulala chali, bila kiota, kwa sababu mzazi ataiga alichokiona wodini.

Kifuani

Hapa ushahidi ni mzito kuliko popote. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya uzazi mjini Bogotá, Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu inkubeta zilikuwa chache na maambukizi mengi. Kwa miaka mingi njia hiyo ya kangaruu ilichukuliwa kuwa ya kumsubiri mtoto kwanza atulie. Jaribio lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, liligeuza mpangilio huo. Watoto 3,211 wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kifuani mara baada ya kuzaliwa, wengine baada ya kutulia. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Mwaka 2022 shirika hilo likapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mapema iwezekanavyo.

Siri ya jaribio hilo iko kwenye kitanda. Mama, au mlezi mwingine aliyemwakilisha, alilala ndani ya wodi ileile ya uangalizi maalumu, na watoto wa kundi hilo walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wodi inayomruhusu mama aingie mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni, haijajaribu tiba hiyo hata kama picha ya kangaruu imebandikwa ukutani.

Sehemu ngumu kwa mtoto ni kuhamishwa. Watu wawili: mmoja mtoto, mmoja mirija. Mirija inafungwa kwenye nguo ya mama begani, si kitandani. Mtoto anakaa wima, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo. Kidevu kikigusa kifua chake mwenyewe njia ya hewa inajibana, na mama aliyesinzia hawezi kuona. Kitambaa kinachomfunga mtoto kifuani kikaze mpaka chini ya sikio lake. Joto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kwa kuwa gharama kubwa ni ile ya kuhama, kukaa chini ya saa moja ni kumlipisha mtoto bila kumpa alicholipia.

Kwa nini tafiti zinagombana

Swali la kama NIDCAP nzima, kama kifurushi, inafanya kazi halijibiwi kwa urahisi hivyo. Jaribio la Als la mwaka 1994 lilionyesha siku chache za mashine na uvujaji mdogo wa damu kichwani. Jaribio la Edmonton, Kanada, la 2009 lilikuta siku chache za kulazwa na ulemavu mdogo kwenye miezi 18. Mwaka uohuo jaribio la Leiden, Uholanzi, halikukuta faida. Arne Ohlsson na Susan Jacobs walipojumlisha majaribio yaliyokuwapo, mwaka 2013, walihitimisha kwamba hakuna uthibitisho wa manufaa ya muda mrefu. Waliounda mpango huo walipinga uchambuzi huo, na ubishi haujaisha.

Sababu nyingine ni za kimsingi. Muuguzi hawezi kufichwa kuwa anatumia mbinu gani, tofauti na daktari anayetoa vidonge viwili vinavyofanana. Muuguzi huyohuyo, aliyejifunza kuweka viganja kwa mtoto wa kundi la kwanza, zamu inayofuata yuko kwa mtoto wa kundi la pili, na mikono yake haisahau; kundi la kulinganishia linapata nusu ya tiba. Majaribio mengi yalikuwa ya watoto wachache. Na karibu hakuna aliyepima kipimo cha dawa yenyewe, yaani ni mara ngapi mapendekezo yaliyoandikwa yalifuatwa saa nane usiku.

Vyumba vya mtoto mmoja vinaonyesha jambo hilo vizuri. Stockholm, mwaka 2010, familia zilizokaa na mtoto chumbani saa 24 zilipunguza muda wa kulazwa kwa zaidi ya siku tano. St. Louis, Marekani, mwaka 2014, watoto wa vyumba vya peke yao walikuwa na alama za chini za lugha wakifika miaka miwili kuliko wa wodi ya pamoja. Usanifu unafanana. Chumba chenye mzazi ni kimoja, na chumba tupu chenye kimya ni kingine. Mpango wa Kanada wa kumfanya mzazi kuwa mhudumu mkuu, uliojaribiwa katika wodi 26 na kuchapishwa mwaka 2018, uliwataka wazazi wawepo angalau saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Watoto wao waliongezeka uzito haraka zaidi.

Wodi inayotaka kujua iko wapi haihitaji kifaa kipya. Karatasi moja kando ya kila inkubeta, kwa siku saba, yenye safu nne: vichomo vingapi, vingapi vilitanguliwa na tuliza maumivu dakika mbili kabla, saa ngapi kifuani, na kila mara oksijeni ilipoongezwa wakati wa kazi, ilirudishwa chini baada ya dakika ngapi. Safu ya nne huwa ngumu kuijaza mwanzoni, kwa kuwa mtu aliyeongeza oksijeni tayari yuko kwa mtoto mwingine.